Majina Yetu Mmeyaweka Wapi?

Hotuba iliyotolewa Beni, Kivu ya Kaskazini, mbele ya familia zilizohama, wakuu wa bloki na wanakamati wa amani

 

Leo hatukuleta sabuni wala maturubai. Tumeleta jibu, na swali lilitoka kwenu. Katika mkutano wetu wa kwanza baada ya vita kufika Goma mwezi wa kwanza mwaka 2025, mama mmoja aliyekuwa mwenyekiti wa bloki katika kambi ya pembeni ya mji alisimama akatuuliza: "Mlipokuja kwetu mlituandika. Mliandika jina langu, jina la mume wangu, watoto, kijiji, shamba letu liko wapi na ni nani aliyelichukua. Sasa ofisi imefungwa, nanyi mmekimbia kama sisi. Majina yetu mmeyaweka wapi?"

Siku ile tulimjibu kwa haraka. Tulisema, "Mama, usiwe na wasiwasi, yote yako salama katika kompyuta." Mama aliketi, lakini uso wake ulionyesha kwamba hakujibiwa. Alikuwa na haki. Kompyuta gani? Iko wapi? Nani anaifungua? Na kama mwenye ufunguo ameshikwa njiani, itakuwaje? Leo tunataka kumjibu yeye na ninyi nyote polepole, kwa maneno ya kueleweka, na kusema pia mahali tulipokosea.

Kwa nini orodha ni jambo la amani

Wengine watasema kwamba kompyuta ni mambo ya mafundi, na sisi tuna njaa na mashamba yaliyoachwa. Ni kweli tuna njaa. Lakini fikirini kilichomo katika orodha zetu. Kuna orodha za misaada: jina, idadi ya watu nyumbani, namba ya jetoni, namba ya simu. Halafu kuna daftari za usuluhishi. Humo imeandikwa kwamba mtu fulani anadai shamba fulani, kwamba jirani yake analikana dai hilo, na kwamba mzee fulani alitoa ushahidi. Mlituambia mambo hayo kwa sababu mlitaka kupatana. Hamkuyasema ili yasomwe na mtu mwenye bunduki.

Katika nchi zetu za Maziwa Makuu tunajua karatasi yenye jina inaweza kufanya nini. Mwaka 1994, katika Rwanda, kadi ya utambulisho iliyoandikwa kabila ilitosha kumfanya mtu auawe kwenye barieri. Kwa hiyo orodha si karatasi tu. Ikiwa mikononi mwa msuluhishi inaleta watu pamoja. Ikiwa mikononi mwa mwenye kisasi inamwonyesha njia ya kwenda nyumbani kwa mtu.

Ndiyo maana tunasema kwamba kulinda orodha ni sehemu ya kazi ya amani. Mtu asiyejua maneno yake yanakwenda wapi hatasema ukweli katika kamati. Na pasipo ukweli hakuna upatanisho.

Tulivyofanya zamani

Zamani tulifanya kama wengi. Katika ofisi ya Goma kulikuwa na kompyuta kubwa moja iliyotunza orodha zote. Mfanyakazi aliyekwenda Masisi au Rutshuru alinakili orodha katika kompyuta yake ndogo ya kubebwa au katika fleshi, akaitia mfukoni, akapanda gari. Aliporudi aliunganisha aliyoandika na yaliyokuwa ofisini. Kila safari ilizaa nakala mpya. Baada ya miaka michache hakuna aliyeweza kusema nakala ziko ngapi, wala ziko mifuko ya nani.

Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona, mipaka ikafungwa, na wengi wetu tukafanyia kazi nyumbani. Halafu ikaja tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021. Mlima Nyiragongo ulipasuka usiku. Siku tano baadaye, serikali iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iondoke, kwa hofu ya moto chini ya ardhi. Maelfu na maelfu ya watu walikwenda Sake, Rutshuru na Rwanda. Ofisi ilibaki imefungwa. Sisi tulikuwa Sake, watu walikuwa Sake, na orodha zilikuwa Goma katika chumba ambacho hatukuruhusiwa kukikaribia. Tulianza kuandika watu upya kwenye daftari za shule, kwa kalamu, huku mvua inanyesha.

Baada ya siku zile tukaamua kwamba tunahitaji njia ya kufanya kazi ya ofisi bila kuwa ofisini, na bila kubeba orodha njiani. Mafundi wakatuonyesha vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Cha kwanza kinaitwa VPN. Cha pili tunakiita kompyuta ya mbali.

VPN: barua ndani ya sanduku

Mnajua namna tunavyotuma barua kwa dereva wa gari la abiria. Ukimpa barua isiyofungwa, dereva anaweza kuisoma. Kondakta anaweza kuisoma. Askari wa barieri anaweza kuisoma. Intaneti inafanana na gari hilo. Maneno yako hayaruki moja kwa moja kutoka Beni hadi ofisi. Yanapita katika mlingoti wa simu, katika mashine za kampuni ya simu, katika nyaya za nchi nyingine, na kwa watu usiowajua.

VPN ni sanduku la chuma lenye kufuli. Funguo zake ziko kwenye ncha mbili tu: moja kwa mfanyakazi, nyingine ofisini. Maneno yanafungwa Beni kabla hayajatoka na yanafunguliwa ofisini yakishafika. Dereva anaona kwamba kuna sanduku, anajua limetoka kwa nani na linakwenda wapi, lakini haoni kilicho ndani. Na kwa kuwa sanduku linafunguliwa ndani ya ofisi, kompyuta za ofisi zinampokea mfanyakazi kama mtu aliyeketi pale pale mezani. Anapita katika mlango wa ofisi na kutumia mtandao wa ofisi, ingawa mwili wake uko mbali kilomita mia nyingi.

Kompyuta ya mbali: dirisha la ghala

Sanduku peke yake halitoshi. Kama tungelitumia kuleta orodha nzima hadi kwenye kompyuta ndogo ya mfanyakazi, tungerudi pale pale: orodha ingekuwa mfukoni mwake, na barieri iko mbele.

Kwa hiyo tunatumia kitu cha pili. Fikirini ghala la chakula lenye dirisha la nondo. Mwenye kazi anasimama nje. Anamwambia mlinzi wa ghala, "Sogeza gunia lile. Lifungue. Hesabu. Andika kumi." Anaona kila kitu kupitia dirisha na kazi inafanyika, lakini gunia halitoki nje. Hivyo ndivyo kompyuta ya mbali inavyofanya. Kompyuta ya ofisi ndiyo inayofungua orodha. Kinachosafiri hadi kwetu ni picha ya kioo chake tu. Kinachorudi kule ni vidole vyetu: herufi tulizobonyeza na mahali tulipogusa. Tukifunga, picha inapotea, na orodha inabaki ofisini.

Jambo hili lina faida nyingine kwetu sisi tunaoishi na umeme wa kukatika. Umeme ukizimika hapa Beni wakati tunaandika, kazi iliyo ofisini haizimiki. Inangoja. Umeme ukirudi tunafungua tena na kulikuta neno lile lile tuliloliacha nusu.

Lakini tusiwadanganye kwamba ni rahisi. Intaneti ikiwa dhaifu, unabonyeza herufi na kungoja ionekane. Ofisi nyingi za mashirika zimetumia sahani za setilaiti za aina ya zamani. Setilaiti hizo ziko juu kilomita karibu 36,000. Neno lipande, lishuke, jibu lipande, lishuke: zaidi ya nusu sekunde imepita kwa kila herufi. Aliyezoea kuandika upesi anakasirika. Tumejifunza kupunguza rangi za picha, kuondoa mapambo kwenye kioo, na kufanya kazi alfajiri wakati wengine hawajaanza kutumia mtandao. Kompyuta ya mbali haihitaji intaneti kubwa sana. Inahitaji intaneti isiyokatika kila dakika, na mtu mwenye uvumilivu.

Kumbukeni neno hilo la uvumilivu. Tutalirudia.

Yaliyotupata mwaka 2025

Mwezi wa kwanza mwaka 2025 vita viliingia Goma. Umeme na maji vilikatika. Tarehe 27 mwezi huo mji ulikuwa umeshikwa. Mwezi uliofuata kambi za pembeni ya mji zikavunjwa, nanyi mnajua kuliko sisi namna watu walivyotawanyika. Wenzetu wengine walipita Rwanda na Uganda wakaingia tena Congo kwa Kasindi, ndipo wakafika hapa.

Je, njia yetu ilisaidia? Tutawaambia lililosaidia na lililoshindikana.

Lililosaidia ni hili. Wafanyakazi wetu walipita barieri nyingi na kompyuta ndogo ambazo hazikuwa na jina la mtu hata mmoja. Kompyuta mbili zilichukuliwa. Mara tulipopata habari, fundi aliyekuwa mbali alifuta funguo zake, kama mnavyofunga laini ya simu iliyoibwa ili mwizi asichukue fedha zenu. Aliyezichukua alipata chuma na kioo.

Lililoshindikana ni hili. Umeme wa Goma ulipokatika, betri ya kompyuta kubwa ilikufa baada ya saa chache. Tulikuwa na funguo, tulikuwa na njia, lakini njia ilikwenda kwenye nyumba yenye giza. VPN haiwashi taa. Kama kompyuta ya upande wa pili imezimika, ufunguo wako hauna kazi.

Kilichotuokoa ni nakala. Tangu mwaka 2021 tulikuwa na desturi ya kupeleka nakala moja, iliyofungwa kwa siri, hadi ofisi nyingine ya shirika iliyo nje ya nchi. Ilipelekwa kila mwisho wa juma usiku. Baada ya siku kadhaa mafundi wa kule waliifungua, na sisi hapa Beni tukaanza kuifanyia kazi kupitia dirisha lile lile. Lakini yaliyoandikwa baada ya nakala ya mwisho hatukuwa nayo. Ndiyo sababu wengine wenu mliitwa kuandikwa mara ya pili, na mkauliza kwa nini tunawasumbua. Sababu ni hiyo, na kosa lilikuwa letu: tulipaswa kupeleka nakala kila siku wakati vita vinakaribia. Na ile kompyuta kubwa ya Goma, yaliyomo yamefungwa kwa maandishi ya siri. Asiye na ufunguo akiiwasha ataona herufi zisizo na maana.

Kosa tunalopaswa kuliungama

Sasa tufike kwenye jambo gumu.

Mwenzetu mmoja, mtu mwenye bidii, alichoka na ile intaneti ya kungoja herufi. Alikuwa na kazi ya usuluhishi ya kijiji kimoja na alitaka kuimaliza usiku nyumbani kwake. Akanakili daftari la kijiji hicho katika fleshi. Kanuni ilikataza, lakini dirisha letu wakati ule lilikuwa halijazibwa vizuri, liliruhusu kunakili. Siku ya kukimbia, fleshi ilikuwa ndani ya mfuko wake. Mfuko ukachukuliwa kwenye barieri.

Hakutuambia siku hiyo. Aliona haya, tena aliogopa kufukuzwa kazi. Alituambia baada ya juma mbili.

Tulikaa na kushauriana. Baadhi yetu walisema, "Tunyamaze. Aliyechukua mfuko alitaka viatu na fedha. Pengine fleshi ameitupa." Pengine ni kweli. Lakini majina hayakuwa yetu. Ni mwenye jina anayejua adui yake ni nani. Ni yeye anayeweza kuamua kama atalala nyumbani au atahama. Tukinyamaza, tunamnyang'anya uamuzi huo.

Kwa hiyo tuliwatafuta wenye majina, mmoja mmoja, kupitia kamati za amani, tukawaambia uso kwa uso. Hatukupiga simu kwa mambo hayo. Baba mmoja alitukemea sana, na tulikaa kimya kwa sababu alisema kweli. Familia moja iliamua kubadili nyumba, nasi tukawasaidia kuhama. Mzee mmoja alitunyamazia muda mrefu, halafu akasema, "Afadhali mmekuja wenyewe. Ningelisikia kwa mwingine, nisingewafungulia mlango tena."

Baadhi ya wenye majina hatujawapata. Tunaendelea kuwatafuta. Kama kati yenu kuna aliyetoa ushahidi mbele ya kamati yetu ya usuluhishi na hatujazungumza naye tangu mwaka 2025, tunamwomba abaki baada ya mkutano huu, tuongee naye kando.

Tangu hapo tumebadili mambo mawili. La kwanza, tumeziba dirisha: kompyuta ya mbali sasa haikubali kunakili orodha hadi kwenye kompyuta ndogo, wala kuichapisha mahali pengine. La pili ni kubwa zaidi. Mfanyakazi anayesema kosa lake siku ile ile haadhibiwi kwa kusema. Juma mbili za aibu zilikuwa na hatari kuliko fleshi yenyewe.

Kufuli nzuri, mlango mbovu

Msidhani kwamba mambo haya yanawapata mashirika madogo tu. Mwezi wa kwanza mwaka 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mtandao waliingia katika kompyuta zake. Walifikia habari za watu zaidi ya 515,000 kutoka nchi nyingi, na wengi wao walikuwa watu kama sisi: waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita na misiba, waliopotea, waliofungwa. Shirika lile lina mafundi wazuri kuliko sisi. Wezi walipita katika programu yenye ufa uliokuwa umejulikana, ambao ulikuwa bado haujazibwa. Walikuwa ndani tangu mwezi wa kumi na moja mwaka 2021 kabla ya kugunduliwa.

Tunalitaja shirika lile kwa heshima, maana lilisema wazi yaliyolipata, nasi tukajifunza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila programu ina nyufa, na wanaoitengeneza hutoa viraka mara kwa mara. VPN yenyewe ni programu, nayo ina nyufa. Tena haifai kabisa kuacha kompyuta ya mbali wazi kwenye intaneti bila VPN mbele yake. Kuna wezi wanaozunguka dunia nzima mchana na usiku, wakigonga kila mlango kwa mashine, wakijaribu maneno ya siri maelfu kwa maelfu.

Kwa hiyo tunatumia funguo mbili. Ya kwanza ni neno la siri analolijua mfanyakazi. Ya pili ni namba inayotokea kwenye simu yake na kufa baada ya muda mfupi. Aliyeiba neno la siri bila simu hapiti. Aliyeiba simu bila neno la siri hapiti. Mnaelewa jambo hili, kwa sababu kila siku mnapokea fedha kwa simu na mnajua kwamba namba ya siri hapewi hata rafiki. Na mfanyakazi anapoacha kazi, funguo zake hufutwa siku hiyo hiyo, hata kama tumeagana kwa furaha.

Mambo ambayo njia hii haiwezi kufanya

Haiwezi kupita mahali ambapo intaneti imezimwa kabisa. Mnakumbuka baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018: intaneti ilikatwa katika nchi yetu karibu siku 20. VPN ni sanduku ndani ya gari. Gari lisipotembea, sanduku halifiki. Kwa siku kama hizo tunahitaji daftari, kalamu, na mtu anayeaminika wa kulitunza daftari.

Haiwezi kumficha anayeitumia. Kampuni ya simu inaona kwamba sanduku linapita, na mahali pengine kuwa na sanduku tu kunaleta maswali. Wala haiwezi kumzuia mtu anayesimama nyuma ya mfanyakazi akisoma kioo chake, au anayemlazimisha kwa bunduki afungue. Hapo njia pekee ni kumpa kila mfanyakazi ufunguo wa chumba kimoja tu. Aliye na orodha za jetoni hana haja ya kuona daftari za usuluhishi.

Na kuna neno kwa vijana wetu. Mapema mwaka 2025, mitandao kama X na TikTok ilipokuwa haipatikani vizuri nchini, wengi walitia programu za VPN za bure katika simu zao. Hiyo si njia ya kwenda ofisini. Sanduku lako linafunguliwa nyumbani kwa mwenye programu, nawe humjui. Umeacha kumwamini dereva, umemwamini mtu mwingine usiyemwona. Chochote kilicho bure kina mtu anayekilipia, na pengine analipwa kwa habari zako. Msipitishe orodha ya watu huko.

Yanayowahusu ninyi viongozi

Wakuu wa bloki, tuseme kweli kati yetu. Orodha nyingi hazipotei ofisini. Zinapotea mikononi mwetu na mwenu. Shirika linapokuja, mkuu anaandika watu kwenye karatasi, anaipiga picha kwa simu, anaituma kwa WhatsApp kwenye kikundi chenye watu wengi. Jioni picha hiyo iko katika simu ambazo hazihesabiki, nyingine za watoto, nyingine za kuazima. Hakuna VPN inayoweza kuirudisha.

Tunawaomba mambo manne.

Kwanza, msipige picha orodha kuituma kwenye kikundi. Mleteeni anayehusika karatasi yenyewe mkononi.

Pili, msiandike kisichohitajika. Ili mtu apate mahindi, hakuna haja ya kuandika kabila lake. Jina lisiloandikwa haliibiwi.

Tatu, karatasi ikiisha kazi, ichomwe mbele ya watu wawili. Msiifungie karanga.

Nne, tuulizeni maswali, sisi na kila shirika linalokuja na kalamu. Ulizeni: Mnaandika haya kwa kazi gani? Yatatunzwa wapi, na kwa muda gani? Nani ana ufunguo? Mtampa nani mwingine? Yakipotea, mtatuambia? Si ukosefu wa adabu kuuliza hivyo. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2023 juu ya mambo ya kidijitali inatambua kwamba habari za mtu zinalindwa, na kwamba mwenyewe ana haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake na kuomba yasahihishwe. Shirika likikasirika kwa sababu mmeuliza, mmepata jibu lenu.

Jibu kwa mama

Sasa tumjibu mama yetu aliyeuliza, kwa kuwa yuko hapa.

Mama, jina lako na habari za shamba lako viko katika kompyuta ya ofisi yetu iliyo nje ya nchi, nje ya mahali pa vita. Sasa nakala inafanywa kila siku. Sisi wa hapa tunaiona kupitia dirisha, hatuibebi njiani. Watu watatu tu wa kazi ya usuluhishi wana ufunguo wa chumba kile, nao umewaona leo, wameketi mbele yako. Jina lako halikuwamo katika fleshi iliyopotea, tumehakikisha. Shauri la shamba lako likiisha, ukitaka tufute ushahidi wako, utatuambia nasi tutafuta mbele yako. Ukitaka kuona yaliyoandikwa, njoo siku yoyote ya kazi, tutakufungulia na kukusomea.

Ungepaswa kupata jibu hilo siku ile ya kwanza. Utusamehe kwa kukuchelewesha.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

Katika bloki yenu, nani anatunza orodha za watu sasa? Anazitunza wapi?

Je, kuna habari mlizoombwa kuandika ambazo hazikuhitajika? Ni zipi?

Kama orodha yenu ikipotea leo, mngependa nani awaambie, na kwa njia gani?

Kamati ya amani ifanye nini ili watu waendelee kusema ukweli bila hofu?

 Wenye neno la faragha wabaki, tuko nao mpaka jioni. Amani iwe katika nyumba zenu, na kwenye njia ya kurudi makwenu siku itakapofika.